Rex, si regina: Jadwiga wa Polandi na neno alilotawaziwa

Tarehe 16 Oktoba 1384, katika kanisa kuu la Wawel mjini Kraków, Askofu Mkuu Bodzanta wa Gniezno alimvika taji msichana wa miaka kama 10 hivi. Kwa Kipolandi jina lake ni Jadwiga, kwa Kilatini Hedvigis, na katika vitabu vya Kifaransa tunavyosoma sisi anaitwa Hedwige. Baba yake alikuwa amekwisha kufa. Mama yake alibaki Hungaria. Nchi aliyopewa kutawala haikuwa nchi aliyozaliwa. Lakini jambo linalopaswa kutushangaza sisi wanafunzi wa lugha kuliko hayo yote ni cheo chenyewe. Wanahistoria wengi wanakubaliana ya kwamba hakutawazwa regina. Alitawazwa rex, yaani mfalme.

Anayetaka kuiweka sentensi hiyo katika Kiswahili anakwama mara moja. Akiandika «malkia», msomaji hajui ni malkia wa namna gani. Katika Biblia ya Kiswahili, neno hilo moja linatumika kwa malkia wa Sheba, anayetawala nchi yake mwenyewe, na kwa Esta, ambaye ni malkia kwa sababu ameolewa na mfalme. Kifaransa kina kasoro hiyohiyo katika neno reine. Akiandika «mfalme», sarufi inamkubalia bila neno, kwani ngeli ya m-/wa- haiulizi kama mtu ni mume au mke; ni masikio ya msomaji yanayokataa. Mwandishi wa Kilatini alikuwa na shida iliyo kinyume: neno rex ni la kiume, na mara tu anapoongeza sifa au kitenzi kinachotaka upatanisho, analazimika kuamua kama anafuata neno au anafuata mtu.

Nitakalojaribu kuonyesha ni hili: neno rex halikuwa heshima aliyotunukiwa mtoto. Lilikuwa komeo. Wakubwa wa Polandi waliliweka mlangoni ili mume wa msichana huyo, awaye yote, asiingie katika ufalme bila wao kumfungulia. Kwamba mtoto huyo alikua akawa mtawala kweli ni habari nyingine, na neno peke yake haliwezi kuieleza. Dada yake alipewa neno hilohilo, wala halikumsaidia kitu.

Nyumba isiyo na mwana

Mfalme Kazimierz III, anayeitwa Mkuu, alikufa mwaka 1370 bila kuacha mwana wa kiume wa ndoa halali. Kiti cha Polandi kilikwenda kwa mpwa wake, Louis wa ukoo wa Anjou, ambaye tayari alikuwa mfalme wa Hungaria. Louis naye hakuwa na mwana. Mkewe, Elizabeth wa Bosnia, alimzalia mabinti watatu: Catherine, Maria na Jadwiga. Huyo wa mwisho alizaliwa kati ya tarehe 3 Oktoba 1373 na tarehe 18 Februari 1374. Tazameni tarehe hiyo ya pili, kwani tutaikuta tena mbele.

Je, binti anaweza kurithi ufalme? Polandi haikuwa na desturi hiyo. Louis aliipata kwa kuinunua. Mwaka 1374, katika mji wa Koszyce, ambao leo uko Slovakia, aliwapa makabaila wa Polandi hati ya kupunguza kodi ya mashamba yao hadi groszy 2 kwa kila łan, kipimo cha shamba la mkulima. Wao kwa upande wao walikubali ya kwamba mmoja wa mabinti zake atawatawala. Ninaona jambo hili linasahauliwa mno katika masimulizi ya maisha ya Jadwiga, ambayo mara nyingi huanza na uzuri na utakatifu wake. Haki yake ya kurithi ilianza na punguzo la kodi. Na walioliuza kubali lao walijua tangu siku hiyo ya kwamba lina bei.

Louis alipanga ndoa za mabinti wake kama mtu anayegawa mashamba. Catherine alikufa mapema, mwaka 1378. Maria aliposwa na Sigismund wa Luxembourg, na mpango ukawa wapewe Polandi. Jadwiga aliposwa na William wa ukoo wa Habsburg huko Hainburg, Austria, mwaka huohuo wa 1378. Bibi arusi alikuwa na miaka 4, bwana arusi miaka 8. Wazazi waliandikiana kwamba upande utakaovunja ahadi utalipa florini 200,000. Mpango ukawa hao wawili wapate Hungaria.

Louis alikufa Septemba 1382, na hesabu zote zikageuka. Siku chache tu baadaye, Hungaria ilimtawaza Maria, binti mkubwa, nao Wahungaria wakamwita rex. Polandi ikakataa. Wakubwa wake walikutana Radomsko, kisha Sieradz, wakasema wako tayari kuitii ahadi ya Koszyce, lakini kwa sharti: binti atakayewatawala akae kwao. Walikuwa wamechoka na mfalme aliyewatawala kwa kutuma wajumbe. Februari 1383 mama mjane aliwafungua kutoka kiapo walichomwapia Maria, akawaahidi Jadwiga. Kisha akakawia. Alikawia mwaka mzima na zaidi, na wakati huo koo za Polandi ya Magharibi zilikuwa zinapigana, na Siemowit wa Mazovia alikuwa anautaka ufalme kwa upanga. Msichana alifika Kraków mwaka 1384, majira ya vuli, nao wakamtawaza upesi.

Komeo na mlango

Kwa nini basi rex? Maelezo yaliyo mepesi ni kwamba hawakuwa na neno jingine kwa mtu anayetawala kwa haki yake mwenyewe. Regina, katika masikio ya watu wa karne ya 14, alikuwa kwanza mke wa rex. Kama ni hivyo, Kilatini chao kilikuwa na upungufu uleule wa Kiswahili chetu na Kifaransa chetu.

Mimi naona maelezo ya pili yana uzito zaidi. Kama Jadwiga ni regina tu, basi nafasi ya rex iko wazi, na mume atakayekuja anaweza kusema ni yake kwa sababu ya ndoa. Mume huyo alikuwa anajulikana: William, mchumba wa Hainburg, ambaye wakubwa wa Kraków hawakumtaka. Kama Jadwiga ni rex, nafasi imejaa. Mume akija, atakuwa mume. Akitaka kuwa mfalme, lazima awaombe wao.

Matendo yao ya baadaye yanaunga mkono fikira hii. Walipokwisha kukubaliana na mume mwingine waliyemtaka wenyewe, Jogaila wa Lituanya, hawakusubiri ndoa impe ufalme. Walikutana Lublin mwanzoni mwa Februari 1386 wakamchagua. Akabatizwa tarehe 15 Februari kwa jina la Władysław, akafunga ndoa tarehe 18, akatawazwa tarehe 4 Machi. Kila hatua ina siku yake. Mtu aliyeolewa na mfalme hakupata taji kwa kuoa tu. Alilipata kwa kuchaguliwa na kutawazwa.

Na hapa pana jambo ambalo ni lazima tulikiri. Katika hati ambazo Jadwiga mwenyewe alizitoa, makarani wake waliandika regina. Komeo likishafanya kazi yake, halina haja ya kubaki mlangoni. Hata hivyo si regina aliye kivuli cha mumewe, kwani hati hizo zinatolewa kwa jina lake, kwa muhuri wake, na zinataja nchi zake. Kwa hiyo mfasiri anayefuata mkumbo na kuandika «mfalme Jadwiga» kila mahali anakosea sawasawa na yule anayeandika «malkia» kila mahali. Neno lilibadilika kwa sababu hali ilibadilika.

Shoka langoni, na mtu chini ya benchi

Je, msichana mwenyewe alisemaje? Hapa tunamtegemea mno mtu mmoja, Jan Długosz, kanoni wa Kraków aliyeandika historia ndefu ya Polandi kwa Kilatini. Ni mwandishi wa kupendeza, na kuna hatari katika uzuri huo. Alizaliwa mwaka 1415, miaka 16 baada ya kifo cha Jadwiga. Alisikia habari kutoka kwa wazee, naye alimpenda Jadwiga kuliko alivyoupenda ukoo wa mumewe.

Długosz anasimulia ya kwamba William alikuja Kraków mwaka 1385 kudai mchumba wake, na kwamba wakubwa walimfungia ngome. Jadwiga, anasema, alishika shoka akataka kuvunja lango amfuate, hadi mweka hazina, mzee Dymitr wa Goraj, alipomsihi akaliachia. Kwamba William alifika Kraków mwaka huo si jambo la kubishaniwa sana. Shoka ni la Długosz. Sisemi ni uongo. Nasema tulitaje kwa jina la aliyelileta. Mtu anapoandika makala yake na kusema tu «Jadwiga alishika shoka», amekata mnyororo unaotufikisha kwenye chanzo.

Tena simulizi hilo linatupa picha ya msichana anayempenda kijana, na picha hiyo inaficha jambo lililo gumu zaidi. Sheria ya Kanisa ilimruhusu msichana kuolewa akitimiza miaka 12. Sasa rudini kwenye tarehe ya 18 Februari 1374. Ni miaka 12 kamili kabla ya siku ya ndoa yake na Jogaila. Uchumba wa utotoni ungeweza kukanwa na mtoto mwenyewe alipofikia umri huo, mradi ndoa haijatimizwa, nao wakubwa walihakikisha kwamba William hapati nafasi ya kuitimiza. Jadwiga aliukana uchumba wa Hainburg hadharani. Jogaila, mtu mzima ambaye wanahistoria bado wanabishana kama alizaliwa karibu na mwaka 1352 au 1362, alikuwa ameahidi kulipa zile florini 200,000. William hakuoa mwanamke mwingine hadi Jadwiga alipokufa.

Maneno ya watu hayakuisha. Długosz huyohuyo anasimulia habari ya kabaila mmoja, Gniewosz wa Dalewice, aliyeeneza uvumi kwamba malkia alikutana na William kwa siri. Kesi ikapelekwa mbele ya mahakama ya Wiślica. Aliyeshindwa alilazimishwa kuingia chini ya benchi, kukiri kwamba amesema uongo kama mbwa, na kubweka. Adhabu hiyo haikuwa mzaha wa Długosz. Ilikuwa desturi ya sheria za Polandi kwa mchongezi. Na lugha imeitunza: hata leo Kipolandi kina kitenzi odszczekać, kinachotokana na kubweka, ambacho maana yake ni kuyafuta maneno uliyoyasema juu ya mtu. Mwanafunzi anayetafuta mfano wa jinsi mahakama inavyoacha alama katika msamiati hana haja ya kwenda mbali.

Neno lililozua ubishi wa karne nyingi

Kabla ya ndoa, tarehe 14 Agosti 1385, Jogaila na ndugu zake walitoa hati katika ngome ya Krewo, ambayo leo iko Belarus. Katika hati hiyo Jogaila aliahidi kubatizwa pamoja na watu wake, kuwaachilia wafungwa wa Kipolandi, kumlipa William, na kuziunganisha nchi zake za Lituanya na Ruthenia na Taji la Ufalme wa Polandi. Neno nililolitafsiri hapa kwa «kuunganisha» ni applicare.

Kiswahili changu kimekwisha kuchagua upande, na sikuweza kukwepa. Ningeandika «kuambatisha», Lituanya ingebaki kitu kizima kilichowekwa kando ya kingine. Ningeandika «kuingiza», ingemezwa. Wanahistoria wa Polandi kwa muda mrefu waliona humo kuingizwa; wale wa Lituanya waliona nchi mbili zenye mtawala mmoja. Tukumbuke ya kwamba hati iliandikwa kwa Kilatini, kwa ajili ya watu ambao Kilatini hakikuwa lugha ya nyumbani kwa yeyote kati yao. Kilituanya chenyewe hakikuwa bado lugha ya maandishi; kitabu chake cha kwanza kuchapishwa, katekisimu ya Martynas Mažvydas, kilitoka mwaka 1547. Neno lililoamua hatima ya Walituanya hakuna aliyewaandikia katika lugha yao. Muungano wenyewe ulibidi uandikwe upya mara kadhaa, hadi ule wa Lublin wa mwaka 1569.

Jadwiga hatajwi kama msemaji katika hati ya Krewo. Yeye ndiye kitu kinachoombwa. Wajumbe walikwenda kuzungumza na mama yake.

Maria na Jadwiga

Mwaka 1387 mabinti wawili wa Louis walikuwa na hali zilizopishana kabisa. Maria, yule rex wa kwanza, alikuwa mfungwa wa waasi huko Kroatia, na Januari ya mwaka huo mama yao alinyongwa katika ngome ya Novigrad walimokuwa wamefungwa wote wawili. Mwezi Machi mchumba wake wa zamani, ambaye sasa alikuwa mumewe, Sigismund, alitawazwa mfalme wa Hungaria. Maria aliokolewa baadaye, akaishi, akaitwa malkia hadi alipoanguka kutoka farasi akafa mwaka 1395. Utawala ulikuwa wa Sigismund.

Mapema mwaka huohuo wa 1387, Jadwiga, akiwa na miaka 13, aliondoka na jeshi kwenda Ruthenia ya Halicz, nchi ambayo baba yake aliiweka chini ya Hungaria. Mumewe alikuwa Lituanya akisimamia ubatizo wa watu wake. Miji mingi ilimfungulia. Lwów ilimpokea, naye akaithibitishia haki zake. Mkuu wa Halicz alikawia hadi askari wa Lituanya walipofika. Hakuna anayedhani ya kwamba msichana wa miaka 13 ndiye aliyepanga vita ile. Lakini aliyepewa mji hakupewa makabaila waliomzunguka. Alipewa yeye, kwa jina lake, kwa haki ya kurithi. Bila yeye, safari ile ingekuwa uvamizi tu.

Tofauti kati ya dada hawa haimo katika cheo, kwani kilikuwa kimoja. Naiona katika mambo mawili. Sigismund alikuwa na ukoo wenye nguvu na alikuja Hungaria kwa upanga. Jogaila alikuja Kraków kama mgeni aliyekubaliwa, aliyebatizwa juzi, asiyekuwa na haki yoyote katika Polandi isipokuwa kupitia mkewe na kura ya Lublin. Na wakubwa wa Polandi walikuwa na faida katika kuikumbuka haki ya mke, kwani iliwapa kamba ya kumshikia mume. Ndiyo sababu Jadwiga alipokuwa mtu mzima alipata nafasi ya kusimama. Mwaka 1397 ndiye aliyekwenda Inowrocław kukutana na Konrad von Jungingen, mkuu wa shirika la watawa wapiganaji wa Kijerumani, kuzungumza juu ya nchi ya Dobrzyń. Hawakupatana. Vita kuu na shirika hilo vilikuja mwaka 1410 huko Grunwald, miaka 11 baada ya kifo chake.

Zaburi katika lugha tatu

Kwa kitivo kama chetu, urithi wa Jadwiga unaogusika zaidi ni kitabu. Kinaitwa Psałterz floriański, Zaburi ya Mtakatifu Florian, kwa jina la nyumba ya watawa ya Austria kilikogunduliwa katika karne ya 19. Leo kimo katika Maktaba ya Taifa mjini Warszawa. Kimeandikwa kwa mkono juu ya ngozi, kwa mikono ya waandishi kadhaa, kazi ikianzia mwisho wa karne ya 14 na kuendelea katika ile ya 15. Humo kila mstari wa Zaburi unaandikwa kwa Kilatini, kisha kwa Kipolandi, kisha kwa Kijerumani, mmoja baada ya mwingine, kitabu kizima. Kina nembo ya ukoo wa Anjou, na wataalamu wengi wanaona kilianzwa kwa ajili ya Jadwiga.

Kwa nini lugha tatu? Kraków ilikuwa mji ambao watu wengi wa biashara walisema Kijerumani. Kanisa lilisali Kilatini. Kipolandi kilikuwa cha wote, na maandishi yake yalikuwa machache bado. Kitabu hiki ni miongoni mwa makubwa ya zamani yaliyotufikia. Tena kitabu kingine kikubwa cha Kipolandi cha zama hizo, tafsiri ya Biblia ya katikati ya karne ya 15, kinaitwa kwa jina la Malkia Zofia, mke wa nne wa Jogaila. Sidhani ni bahati tu. Makasisi walikuwa na Kilatini chao na hawakuwa na haja ya Zaburi ya Kipolandi. Mwanamke wa ikulu alikuwa na haja nayo, na alikuwa na mali ya kuwalipa waandishi. Historia ya lugha hupenda kuhesabu wanaume walioandika. Pengine ihesabu vilevile wanawake walioagiza.

Mwaka 1390 Jadwiga na mumewe waliwaita watawa Wabenediktini kutoka Praha, wale waliosali kwa Kislavoni badala ya Kilatini, wakawaweka Kleparz, karibu na kuta za Kraków. Novemba 1397 alianzisha huko Praha nyumba ya wanafunzi wa Lituanya watakaosoma teolojia. Walituanya walikuwa wamebatizwa miaka kumi tu kabla ya hapo, na makasisi waliojua lugha yao walikuwa haba. Unaweza kumbatiza mtu kwa Kilatini, lakini huwezi kumfundisha kwa lugha asiyoijua.

Na Januari ya mwaka huo wa 1397 Papa Bonifasi IX alikuwa amekubali Kraków ipate kitivo cha teolojia. Chuo cha Kraków kilianzishwa na Kazimierz mwaka 1364, lakini kilififia baada ya kifo chake. Jadwiga ndiye aliyekazana kifufuliwe. Hakukiona kikifunguliwa.

Mfalme alijifungua

Tarehe 22 Juni 1399 Jadwiga alijifungua mtoto wa kike, Elizabeth Bonifacia. Andikeni sentensi hiyo kwa cheo cha mwaka 1384, «mfalme alijifungua», mtasikia jinsi Kiswahili kinavyoiruhusu na jinsi tunavyoshtuka. Mtoto alikufa tarehe 13 Julai. Mama alikufa siku nne baadaye, akiwa na miaka 25.

Jogaila alibaki na swali ambalo hakuna aliyekuwa na hamu ya kulisema kwa sauti: kama mwenye haki amekufa, na mtoto wake amekufa, huyu mume ni nani katika Polandi? Wakubwa walimhakikishia kwamba bado wanamtaka. Hata hivyo mwaka 1402 alioa tena, na mwanamke aliyemchagua alikuwa Anna wa Celje, mjukuu wa Kazimierz Mkuu. Alikuwa ametawazwa miaka 16 iliyopita, na bado aliona afadhali ajiegemeze kwenye damu ya wafalme wa zamani kupitia mke mwingine. Kwangu mimi hakuna ushahidi mzuri zaidi kuliko huu wa uzito wa neno walilompa mtoto mwaka 1384. Komeo lilikuwa halijatoka mlangoni.

Jadwiga aliusia mali yake, pamoja na vito vyake, ugawanywe nusu kwa maskini, nusu kwa chuo. Wasimamizi wa wasia walikuwa Piotr Wysz, askofu wa Kraków, na Jan wa Tęczyn, mkuu wa ngome. Chuo kilifunguliwa upya mwaka 1400. Leo kinaitwa Chuo Kikuu cha Jagiellonia, kwa jina la ukoo wa mumewe, na wasichana wa kwanza walikubaliwa kusoma humo mwaka 1894. Kaburi lake katika kanisa la Wawel lilifunguliwa mwaka 1887 na tena mwaka 1949. Fimbo ya enzi na tufe walivyomzika navyo havikuwa vya dhahabu. Vilikuwa vya mti na ngozi, vikapakwa rangi ya dhahabu juu.